Hewa ya Uani

Kwa miaka miwili nilisafiri mara mbili kila mwezi kutoka Biharamulo mjini hadi kata ya Nyakisasa, wilaya ya Ngara, kwenda kufunga hewa kwenye vichupa. Watoto wa kule waliniita mama wa vichupa. Kazi yangu ya siku zote iko shule ya sekondari, ambako natunza maabara: naosha mirija, nafungia kemikali kabatini, nawaandalia wanafunzi mitihani ya vitendo. Kazi ya vichupa niliipata kwa mtafiti wa chuo kikuu aliyepita shuleni kwetu akitafuta mtu anayeweza kushika bomba la sindano bila kutetemeka na kuandika lebo zinazosomeka. Mkuu wa shule akanionyesha mimi.

Mtafiti alikuwa anachunguza methani. Wanafunzi wangu wanaijua kama gesi inayowaka, ile inayopanda na mapovu kwenye matope ya bwawa, inayotoka kwenye matumbo ya ng'ombe na kwenye majalala. Ikishapanda angani hulishika joto la jua lisitoke, na ndiyo maana watu wengi siku hizi wanaihesabu. Jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua, pamoja na miaka yangu yote ya maabara, ni kwamba udongo mkavu wa msituni huivuta methani kutoka hewani na kuimaliza. Ndani yake wamo bakteria wanaoishi kwa kuila. Wanachohitaji ni udongo uliolegea, wenye matundu ya kupitisha hewa, usiokanyagwa sana wala kujaa maji.

Mimi ni mtoto wa dukani. Babu yangu alikuja Biharamulo kutoka pwani na marobota ya vitambaa, akafungua duka, akajenga nyuma ya duka, na sisi tukazaliwa humo. Kwetu tulijua kanga ipi ni nzito na ipi itachuja rangi. Udongo kwetu ulikuwa kitu cha kufagia kibarazani. Kwa hiyo mtafiti aliponipeleka mara ya kwanza kwenye kilima cha Nyakisasa, nikavua viatu vyangu vya shule na kuvaa mabuti ya mpira aliyoniletea, nilijisikia mgeni kuliko hata yeye aliyetoka mbali.

Msitu wenyewe ulikuwa mali ya familia moja ya wakulima, Wakatoliki, waliokaa pale tangu enzi za babu wa babu zao. Haukuwa mkubwa. Ungeuvuka kwa mwendo wa dakika chache. Ulibaki kwa sababu mteremko ulikuwa mkali na kwa sababu mzee mwenye shamba hakupenda kuona kilima kikiwa kitupu juu ya nyumba yake. Chini yake palikuwa na shamba la mahindi, halafu nyumba, halafu migomba. Mtafiti alizamisha pete pana za plastiki ardhini, zilizokatwa kutoka kwenye bomba la maji, tatu msituni na tatu kwenye mahindi. Kazi yangu ilikuwa kuifunika kila pete kwa mfuniko wenye kizibo cha mpira, kuchoma sindano kwenye kizibo, na kuvuta hewa iliyo ndani: mara moja nikishafunika, tena baada ya dakika kumi, tena baada ya ishirini, tena baada ya thelathini. Kila mvuto unaingia kwenye kichupa chake. Ikiwa udongo unakula methani, kichupa cha mwisho kinakuwa na methani kidogo kuliko cha kwanza. Ni hayo tu. Vichupa vinafungwa kwenye boksi, boksi linapanda basi, na majibu yanakuja baada ya wiki kadhaa.

Siku ile ya kwanza mtafiti alipomaliza kueleza, mzee aliinama akachota udongo wa msituni kwa mkono mmoja, akaunusa. Alikuwa mwembamba, mwenye shati lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni.

"Kwa hiyo unakula hewa chafu," alisema.

"Ndiyo, mzee," mtafiti akajibu.

"Ukishiba?"

Mtafiti akanitazama mimi kama mtu anayeomba msaada. Nikasema, "Haushibi, baba, mradi unapumua."

Mzee akaurudisha udongo palepale alipouchota, akapangusa kiganja kwenye suruali. "Basi tusiukanyage hovyo," akasema, na kuanzia siku hiyo alikata kinjia chembamba cha kufikia zile pete, na hakuna mtu wala mbuzi aliyeruhusiwa kutoka nje ya kinjia hicho.

Yeye ndiye aliyekuwa akinishikia saa. Mtafiti alikuwa ameniambia naweza kutumia simu, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi, na mzee alipenda. Alisimama wima pembeni ya pete, saa kwenye kiganja, akisema "bado", kisha kimya kirefu, kisha "bado" nyingine, kisha "sasa" kwa sauti ya juu kidogo kana kwamba kuna mtu wa mbali anayepaswa kusikia. Kati ya "sasa" moja na nyingine tulizungumza. Aliniuliza habari za mama yangu aliyekuwa mgonjwa wa miguu, akaniuliza kwa nini sisi Waislamu hatuweki picha misikitini. Nami nilimwuliza majina ya miti, akanitajia kwa Kihangaza, na kufikia safari iliyofuata nilikuwa nimeyasahau.

Mwaka wa kwanza, katikati ya kiangazi, nilifika nikakuta watu wamejaa uani na moto umewashwa nje. Mzee alikuwa ameugua kifua siku nne, akapelekwa zahanati, akafia huko. Walikuwa wamemzika jana yake, pembeni ya migomba. Hakuna aliyekuwa ameniarifu, na kwa kweli nani angekumbuka kumpigia simu mama wa vichupa? Niliweka boksi langu chini, nikaingia kumpa pole mjane. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake wengine, kitenge kimefungwa kichwani. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba mwanangu," akanishika mkono asiuachie kwa muda.

Nilipotaka kuondoka akaniuliza, "Kazi je?"

"Leo hapana, mama."

"Yeye angekasirika."

Nilikaa nao hadi saa nane, nikarudi Biharamulo na vichupa vitupu. Nilimpigia mtafiti kumweleza. Akasema msiba ni msiba, pale patabaki wazi kwenye daftari. Nalikumbuka sana jibu hilo kwa sababu ya mambo yaliyokuja baadaye. Nilijua tangu wakati huo kwamba pengo linakubalika.

Safari iliyofuata mjane alikuwa ananisubiri mwanzo wa kinjia. Alisema yeye atashika muda. Nikampa saa, akaitazama, akanirudishia. Macho yake hayakuwa yakiuona tena mshale mdogo. Badala yake alitoa rozari mfukoni. Tulijaribu pamoja, mimi nikiangalia simu na yeye akisali kwa sauti ya chini, mwendo wake wa kawaida, na tukagundua kwamba makumi mawili ya Salamu Maria kwa utulivu, pamoja na Baba Yetu na Atukuzwe, yalikuwa karibu sana na dakika kumi. Simu ilibaki ndiyo ya kuandikwa kwenye karatasi. Lakini yeye ndiye aliyenitahadharisha kila mara, akinyanyua kidole anapokaribia punje ya mwisho, nami nikishika sindano tayari. Wakati mwingine nami nilitoa tasbihi yangu. Tulikaa pale wanawake wawili, kila mmoja na shanga zake, pete iliyofunikwa katikati yetu, majani makavu yakianguka kimya. Sijawahi kukaa mahali penye utulivu kama ule.

Majibu yalikuwa yakija vizuri. Vichupa vya msituni vilishuka kutoka cha kwanza hadi cha nne, safari baada ya safari. Vya mahindi vilishuka kidogo tu, na baadhi ya safari havikushuka kabisa. Mjane alipenda nimwambie. "Unakula bado?" alikuwa akiniuliza kabla hata sijashuka kwenye pikipiki. "Unakula, mama."

Kisha ikaja Ramadhani, na masika yakaanza mapema. Mama yangu alikuwa amezidiwa. Miguu ilivimba hadi ngozi ikang'aa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza, nikimkanda, nikimpikia uji wake mchana na futari yetu jioni, na asubuhi niko maabara. Siku ya safari ilipofika niliamka nimechoka hata mswaki ulikuwa mzito mkononi. Nilikwenda kwa sababu ndiyo siku iliyopangwa. Mvua ilitukuta njiani. Mwendesha bodaboda alinishusha mbali na nyumba kwa sababu utelezi ulikuwa umezidi, nikapanda kwa miguu na boksi kichwani, koo kavu, nguo zimenigandama mwilini.

Nyumbani kwa mjane hakukuwa na mtu. Mkamwana wake aliyekuwa jikoni kwa jirani aliniambia kwa mbali kwamba mama amekwenda kusali jumuiya. Nikasimama chini ya paa la kibaraza nikitazama kilima. Maji yalikuwa yanateremka kwenye kile kinjia kama mfereji. Nilijua nitaanguka, au nilijiambia hivyo. Nilijiambia pia kwamba udongo uliolowa kiasi kile haupumui, hautavuta kitu, kwa hiyo vichupa vyote vinne vitakuwa sawa hata nikipanda. Nikaketi kwenye kigoda, nikatoa sindano, nikavuta hewa ya uani. Kichupa cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Pete ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliandika lebo zote kwa mwandiko wangu mzuri: msitu, msitu, msitu. Kwenye nafasi ya muda nikaandika saa nne na dakika tano, saa nne na robo, saa nne na dakika ishirini na tano, saa nne na dakika thelathini na tano. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwa mahindi, ambayo yalikuwa hatua hamsini kutoka nilipoketi.

Nilikuwa nimefunga. Nilidanganya nikiwa nimefunga, mchana, kwa kalamu. Nikalifunga boksi, nikateremka.

Ningeweza kuacha pengo. Hadi leo sijui kwa nini sikuacha. Nadhani niliona aibu kurudi mikono mitupu mara ya pili, na nadhani nilishazoea kusifiwa kwamba vichupa vyangu havikosei.

Wiki kadhaa baadaye mtafiti alipiga simu. "Safari moja ya mwezi wa tatu msitu wako uliacha kufanya kazi," akasema. "Mstari umelala kabisa. Ilikuwaje siku hiyo?"

"Mvua ilikuwa kubwa sana," nikasema.

"Inawezekana," akasema. Nikasikia kalamu yake ikiandika.

Mwezi wa sita, masika yalipokwisha, ukoo ulikaa kikao cha kugawa mali ya marehemu. Nisingekuwa na shughuli yoyote pale, ila mjane aliniomba nije. Msitu ulikuwa ugawanywe mara tatu: fungu lake, fungu la mtoto wa kwanza, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Bugarama, na fungu la mdogo wake, aliyebaki nyumbani akilima. Yule mdogo alitaka kufyeka. "Waeleze wewe," mjane aliniambia. "Mimi wakinisikia wanafikiri nalilia miti ya mume wangu. Waeleze udongo unafanya nini."

Kikao kilikaliwa mbele ya nyumba, mabenchi kwa wanaume na mikeka kwa wanawake. Mwenyekiti alikuwa mdogo wake marehemu. Mazungumzo yalikuwa kwa Kihangaza, lugha ambayo mimi naisikia nusu nusu kutoka kwa wateja wa dukani, na kila waliponigeukia walihamia Kiswahili. Waliletewa rubisi, pombe ya ndizi, mimi nikaletewa maji ya ndizi ambayo hayajachacha, kwa kikombe cha peke yake, safi. Nikaeleza kama ninavyowaelezea wanafunzi. Wakanisikiliza kwa heshima.

Yule mdogo wa mwalimu ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa na umri kama wangu, mikono mipana, sauti ya taratibu. "Dada, sibishi. Ila mimi migomba yangu imekufa kwa mnyauko. Nimeing'oa, nimechoma, nimepanda tena, imekufa tena. Mihogo nayo inaoza. Nina watoto wanne. Huo udongo unaokula hewa, mimi unanilisha nini?"

Nikasema kweli, kwamba yeye binafsi haumlishi, na kwamba msitu mmoja mdogo haubadilishi anga. Nikasema ni kazi inayofanywa na misitu yote kwa pamoja, kidogo kidogo, na kila kipande kinachokatwa kinapunguza. Niliona kwenye uso wake kwamba amenielewa na kwamba haijamsaidia.

Hapo mwalimu, kaka yake, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa karatasi ya matokeo, ile ambayo mtafiti aliwatumia familia kwa kuwa ardhi ni yao. Alikuwa upande wa mama yake, alitaka msitu ubaki, lakini ni mtu wa kusoma kila kitu hadi mwisho. "Ila hapa kuna jambo sikulielewa," akasema. Akaonyesha kwa kidole. "Safari hii ya mwezi wa tatu. Msitu na mahindi ni sawasawa. Haukuvuta hata chembe."

Mdogo akaichukua karatasi, akaitazama. "Kumbe unaacha kazi unapotaka," akasema, bila ubaya. Watu wawili watatu wakacheka.

Mjane hakucheka. Alinitazama mimi akisubiri nieleze, kwa imani kabisa, kama alivyokuwa akinisubiri nimwambie unakula bado.

Nikasema, "Siku hiyo sikupanda msituni."

Mwalimu akauliza, "Unasema?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, nilikuwa nimechoka. Nilivuta hewa ya hapa uani nikaandika msitu. Udongo wenu haukuacha kazi. Mimi ndiye niliyeiacha."

Mwenyekiti alikuwa mzee, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alimwambia mwalimu arudie kwa Kihangaza ili wote wasikie vizuri. Mwalimu akasita, kisha akarudia. Hapo ndipo niliposikia uongo wangu ukisemwa mara ya pili kwa lugha nyingine, kwa sauti ya mtu mwingine, polepole, na nikaona nyuso za mikekani zikigeuka moja moja kunitazama kadiri maneno yalivyowafikia. Nilikuwa nimevaa buibui langu la siku za heshima. Nilitamani kujifunika nalo hadi usoni.

Mdogo aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza. "Na hizo siku nyingine?"

"Siku nyingine ni za kweli."

"Tutajuaje?"

Kweli, wangejuaje? Mtu aliyedanganya mara moja akisema hajadanganya mara nyingine anatumia mdomo uleule.

Ni mjane aliyejibu. Alisema kwa Kihangaza kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili akinitazama, kama vile anataka nami nisikie shahidi wangu anasema nini. "Siku nyingine mimi nilikuwepo. Kabla yangu alikuwepo baba yenu. Siku hiyo moja nilikwenda jumuiya. Nilirudi nikakuta nyayo zake kibarazani, na kwenye kinjia cha msituni hapakuwa na nyayo. Nilijua."

Alikuwa amejua tangu mwezi wa tatu. Alikuwa amekaa nami msituni mara kadhaa baada ya hapo, akisali makumi yake, akinyanyua kidole, na hakusema neno.

Mwenyekiti akaendelea na kikao. Haikuchukua muda. Kila mmoja alipewa fungu lake na uhuru wake. Mjane na mwalimu walisema mafungu yao yabaki msitu. Mdogo alisema lake atalima. Hakuna aliyemlazimisha wala kumlaumu.

Nilibaki nyuma watu walipotawanyika. Nilimwendea mjane, nikapiga magoti kwenye mkeka. "Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilingoja useme."

"Na kama nisingesema?"

"Ningeendelea kungoja," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilimpigia mtafiti nikiwa bado palepale uani, kabla sijapoteza ujasiri. Hakunikatiza. "Asante kwa kuniambia," akasema mwishowe. "Ila ningependa ungeniambia nilipokuuliza ilikuwaje siku hiyo." Aliifuta siku ile. Akapitia safari zangu zote, namba kwa namba, na hilo lilimchukua wiki nzima ambayo hakustahili kuipoteza. Alinibakiza, lakini kuanzia hapo kila karatasi ilisainiwa na watu wawili. Mjane aliandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, karatasi akiisogeza karibu na macho. Nilikuwa nikimshikia ubao wa kuandikia, na kila mara niliona uso wangu unapata moto.

Mwalimu alinisindikiza barabarani siku ya kikao. Aliniona ninavyotembea. "Usijibebeshe yote," akaniambia. "Mdogo wangu aliamua tangu mwaka jana, baba akiwa hai. Karatasi haikubadili kitu." Nilimshukuru. Naamini alisema kweli. Bado nimejiuliza mara nyingi kama vile vicheko viwili vitatu havikumrahisishia mdogo kushika panga. Siku ile ya funga niliilipa baadaye, kwa hukumu yangu mwenyewe, bila kumwuliza shehe. Lile jingine sikujua pa kulilipia.

Alifyeka mwezi wa nane. Pete moja ya msituni ilikuwa imeangukia ndani ya fungu lake, na mtafiti akaniambia tuiache hapohapo tuendelee kupima, ndivyo tutakavyojua. Mdogo mwenyewe aliing'oa kwa uangalifu kabla ya kuchoma matawi, akaizamisha tena jivu lilipopoa. Mara ya kwanza kupima pale nilisimama juani mahali ambapo nilikuwa nimezoea kivuli, nikashindwa kutambua upande wa kinjia. Mjane alikataa kuja. Alikaa kwenye mpaka, chini ya mti wa kwanza wa fungu lake, akasali palepale, akinyanyua kidole kutoka mbali.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mwanzoni udongo uliendelea. Vichupa vya mwezi wa tisa vilishuka karibu kama zamani. Niliposoma majibu nilifurahi kijinga, nikafikiri labda wale bakteria hawajali kilicho juu yao. Kisha mvua zikaja. Jembe lilipita, ng'ombe wa jirani wakapita, matone yakaupiga udongo uliokuwa hauna majani ya kuufunika, ukashindiliwa, ukawa na ganda juu. Mwezi wa kumi mstari ulilegea. Kufikia mwezi wa kumi na mbili vichupa vyake na vya shamba la zamani la mahindi visingetofautishwa.

Siku moja mdogo alikuja kusimama karibu nami nikivuta kichupa cha mwisho. "Udongo umeacha?" akauliza.

"Umeacha."

Alichuchumaa, akabonyeza udongo kwa kidole gumba. Mahindi yake yalikuwa yamefika kiunoni, ya kijani kibichi kabisa, mazuri kuliko yote ya kilima kile. "Nikiiacha miti irudi, utarudi?"

"Miti itarudi wewe ukiwa hai. Udongo utachelewa. Wanaochunguza wanasema unaweza kuchukua miaka mingi zaidi kuliko miti."

"Mingi kiasi gani?"

"Mimi na wewe huenda tusione."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakusema kwamba anajuta, na mimi sikumtarajia aseme. Mwezi wa kwanza alinifungia mahindi mabichi kwenye kiroba, nikampelekea mama yangu. Nilimchomea mawili. Aliyala yote, akiyapukuchua kwa vidole kwa sababu ya meno, akaomba la tatu. Yalikuwa matamu. Nilikaa nikimtazama, na sikuweza kusema ndani ya nafsi yangu kwamba hayakupaswa kulimwa.

Utafiti ulikwisha mwaka huo. Siku ya kung'oa pete nilikwenda na koleo, na mjane akaja, hata kwenye fungu la mdogo alikuja. Ile ya kule ilitoka kwa urahisi, imejaa udongo mkavu ulioshikana kama tofali. Za msituni zilisumbua. Mizizi myembamba ilikuwa imejisuka kuizunguka plastiki, ikabidi niikate kwa kisu mmoja mmoja, na kila shimo lililobaki lilikuwa jeusi, lenye harufu nzito ya uvundo mzuri wa majani. Tulilijaza tena kwa mikono. Mjane alitandaza majani juu yake hadi pasionekane.

"Sasa nani atajua kama unakula bado?" akaniuliza.

"Hakuna, mama. Labda waje wengine baadaye."

"Haya," akasema. Akaokota kuni chache zilizokuwa zimeanguka karibu na kinjia, akazifunga kwa kamba ya mgomba, nikamsaidia kujitwika, tukateremka.